Hwasong-17 au Hwasong-18: ukilazimika kufuatilia kombora moja la Korea Kaskazini, fuatilia lipi?

Kila Korea Kaskazini inaporusha kombora la masafa marefu, habari inayotufikia huwa na namba mbili: limepanda kilomita ngapi juu, na limekaa angani dakika ngapi. Namba hizo si za kubuni. Seoul na Tokyo huzipima kwa rada zao, na mara nyingi hukaribiana na zile zinazotangazwa na KCNA, shirika la habari la serikali ya Pyongyang. Shida ni kwamba hazimwambii msomaji ni kombora lipi kati ya aliyonayo Kim Jong Un linalobadilisha hesabu za kijeshi, na ni lipi zuri kwa gwaride tu. Ukizitazama namba hizo peke yake, Hwasong-17 na Hwasong-18 ni pacha.

Si pacha. Mhariri anayeamua habari ipi iende ukurasa wa mbele, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayetafuta mada ya utafiti, au mtu tu aliyechoka kutishwa na kila kichwa cha habari, anahitaji kujua tofauti iko wapi. Kwa maoni yangu haiko kwenye kilomita. Iko kwenye muda unaopita kati ya amri kutolewa na kombora kuondoka ardhini. Kwa kipimo hicho Hwasong-18 ndilo la kufuatilia, ingawa la 17 lina mambo ambayo lazima yakiriwe, na nitayakiri.

Koo mbili

Hwasong-17 ni mwisho wa njia iliyoanza kuonekana waziwazi mwaka 2017. Tarehe 4 Julai mwaka huo, siku ya uhuru wa Marekani (na haikuwa bahati mbaya), Pyongyang ilirusha Hwasong-14, kombora lake la kwanza la kuvuka mabara. Tarehe 29 Novemba likafuata Hwasong-15, lililopanda takriban kilomita 4,475 na kuanguka baharini baada ya dakika 53 hivi. Kim akatangaza kwamba nguvu yake ya nyuklia imekamilika. Mwezi Aprili 2018 alisimamisha majaribio ya makombora ya aina hiyo, akakutana na Donald Trump mjini Singapore mwezi Juni, kisha tena Hanoi mwezi Februari 2019, ambako waliachana bila makubaliano. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2020, kwenye gwaride la chama tawala, likapita Hwasong-17 juu ya lori la ekseli 11, yaani jozi 11 za magurudumu. Wachambuzi waliokuwa wakitazama picha hizo walikubaliana haraka kwamba hilo ndilo kombora kubwa kuliko yote ya mafuta ya majimaji yanayobebwa na gari popote duniani.

Ukoo wa Hwasong-18 ulitoka baharini. Mwezi Agosti 2016 Korea Kaskazini ilirusha Pukguksong-1 kutoka nyambizi, na Februari 2017 ikaleta ndugu yake wa nchi kavu, Pukguksong-2, aliyerushwa wakati waziri mkuu wa Japani Shinzo Abe akiwa mgeni wa Trump huko Florida. Makombora hayo mawili yalikuwa ya masafa ya kati tu, lakini yalitumia mafuta yabisi, yaani yaliyoganda badala ya ya majimaji, na yalifundisha jambo la pili: kombora kusukumwa nje ya kasha lake kwa nguvu ya gesi kwanza, kisha injini kuwaka likiwa tayari hewani. Januari 2021, kwenye mkutano mkuu wa 8 wa Chama cha Wafanyakazi, Kim alisoma orodha ya silaha anazozitaka. Kombora la kuvuka mabara la mafuta yabisi lilikuwamo, pamoja na vichwa vingi (sehemu zinazobeba bomu) ndani ya kombora moja, nyambizi ya nyuklia, setilaiti ya upelelezi, na uwezo wa kulenga shabaha kwa usahihi katika umbali wa kilomita 15,000. Tarehe 15 Desemba 2022 injini kubwa ya mafuta yabisi ikajaribiwa ikiwa imefungwa ardhini huko Sohae. KCNA ilisema ina msukumo wa tani 140. Miezi minne haikutimia, Hwasong-18 likaruka.

Kwa anayependa kuona mambo upande kwa upande:

| | Hwasong-17 | Hwasong-18 |
|---|---|---|
| Kuonekana hadharani mara ya kwanza | Gwaride la Oktoba 2020 | Gwaride la Februari 2023 |
| Mafuta | Majimaji | Yabisi |
| Hatua za injini | 2 | 3 |
| Ekseli za lori | 11 | 9 |
| Kimo cha juu kilichotangazwa | Takriban km 6,041 hadi 6,248, kikiwamo cha jaribio lenye utata | Takriban km 6,648 (Julai 2023) |
| Makadirio ya masafa | Km 15,000 au zaidi | Km 15,000 au zaidi |

Mstari wa mwisho ndio unaotakiwa kukusimamisha. Kutoka Pyongyang hadi Washington ni kilomita 11,000 hivi. Makombora yote mawili yanafika, na ziada inabaki. Wizara ya Ulinzi ya Japani imekuwa ikitoa makadirio ya zaidi ya kilomita 15,000 kwa yote mawili, ikitegemea uzito wa kichwa. Kwa hiyo anayelinganisha kwa masafa anapoteza muda wake. Hata Hwasong-15, la mwaka 2017, lilikadiriwa kufika kilomita 13,000 likiwa na mzigo mwepesi. Swali la "linafika Marekani?" lilishajibiwa, angalau kwenye karatasi, miaka kadhaa kabla ya makombora haya kuruka.

Kuhusu hicho kimo cha maelfu ya kilomita: Korea Kaskazini hurusha makombora haya karibu wima, yapande juu sana na kuanguka karibu, kwa kawaida kilomita 1,000 tu mashariki, kwenye bahari iliyo kati yake na Japani. Likirushwa kwa njia ya kawaida, kombora hilohilo lisingepanda juu kiasi hicho bali lingeenda mbali. Wataalamu huchukua kimo na muda, wakakokotoa masafa. Ndiyo maana namba za KCNA zina maana, na ndiyo maana zinachosha.

Mafuta ndiyo habari yenyewe

Mafuta ya majimaji yanayotumika kwenye jamii ya Hwasong-15 na 17 ni vimiminika viwili vinavyowaka vyenyewe vikikutana. Injini yake ni ya kupendeza kwa mhandisi: ina nguvu nyingi kwa kila kilo ya mafuta, na inaweza kuzimwa kwa wakati uliopangwa, jambo linalosaidia kulenga. Lakini vimiminika hivyo ni sumu kali, vinababua, na vinakula vyuma. Kwa desturi havikai ndani ya kombora kwa muda mrefu. Siku ya kurusha, kombora haliendi peke yake. Linafuatana na malori ya mafuta, magari ya mitambo na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na shughuli ya kujaza inaweza kuchukua saa kadhaa. Msafara wa namna hiyo huonekana kutoka angani. Kwa nchi inayopelelezwa na setilaiti za Marekani na, tangu Desemba 2023, setilaiti ya kijeshi ya Korea Kusini yenyewe, kuonekana mapema ni nusu ya kushindwa. Seoul ina mkakati wa wazi kabisa wa kulipiga kombora kabla halijaondoka, na mkakati huo unaishi kwa muda huo wa maandalizi.

Mafuta yabisi ni fataki iliyokuzwa. Mchanganyiko humiminwa ndani ya mwili wa kombora kiwandani, hugandia humo, na kombora hutoka kiwandani likiwa limeshiba. Hakuna cha kujaza. Lori linaweza kukaa ndani ya handaki, likatoka, likainua kasha na kurusha ndani ya dakika chache, kisha likaondoka. Ugumu haukutoweka, umehamia kwingine. Injini yabisi kubwa ni ngumu kutengeneza kwa sababu ufa au kiputo kidogo cha hewa ndani ya mafuta yaliyoganda kinaweza kulipua kombora zima. Na injini hiyo huzeeka, na ikishawashwa haizimwi. Ndiyo sababu ya Pyongyang kuchukua miaka mingi kufika hapo, na ndiyo sababu ya picha za ziara ya Kim mwezi Agosti 2017 kwenye taasisi ya kemikali inayohusika na kazi hiyo kuchunguzwa kila kona na wachambuzi. Ukutani nyuma yake palikuwa na michoro ya makombora ambayo hayakuwa yametangazwa. Iwapo walisahau kuyaondoa au waliyaacha makusudi, kila mtu na jibu lake. Mimi naamini ni makusudi.

Kuna mtu atasema: lakini Korea Kaskazini imetangaza kwamba hata mafuta ya majimaji sasa yanafungiwa ndani ya kombora kiwandani. Ni kweli. Mwezi Septemba 2021, ilipojaribu Hwasong-8, ilisema imeanza kutumia matangi yaliyozibwa tangu kiwandani, na Urusi imetumia utaratibu huo kwa miongo kadhaa. Utaratibu huo ukifika kwenye Hwasong-17, pengo la muda litapungua sana. Ila tazama unachobaki nacho: kombora kubwa kuliko yote ya aina yake, limejaa mafuta yenye sumu, juu ya lori la magurudumu 22, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya barabara zake hazina lami. Kutembea na mzigo huo usiku kwenye njia za milimani si jambo ambalo kamanda mwenye akili anaomba apewe.

Saa tisa za tarehe 18 Februari 2023

Mfano bora wa tofauti hii umetolewa na Pyongyang yenyewe. Tarehe hiyo ilirusha Hwasong-15, ndugu mdogo wa 17 na wa mafuta ya majimaji vilevile, ikaliita zoezi la ghafla. KCNA ilisema amri ya dharura ya kukaa tayari ilitolewa alfajiri, na amri ya maandishi ya Kim ikatoka saa 2:00 asubuhi. Rada za Korea Kusini zililiona kombora likiruka saa 11:22 jioni. Yaani "ghafla" ilichukua saa tisa na zaidi.

Wachambuzi wa Seoul hawakuiachia nafasi hiyo. Ikaandikwa kwamba kombora linalohitaji saa tisa si la kushtukiza mtu. Siku mbili baadaye dada yake Kim, Kim Yo Jong, alitoa tamko la hasira. Alisema muda huo haukuwa wa kujaza mafuta tu. Walisubiri ndege za upelelezi za adui zishuke, wakatumia mwanya wa kati ya saa 9:30 alasiri na saa 1:45 usiku. Nadhani alikuwa anasema kweli, na kwa kusema kweli alithibitisha hoja ya wapinzani wake: kombora la aina hiyo linalazimika kuchagua saa ambayo adui hatazami. Miezi miwili isiyotimia baada ya hapo, tarehe 13 Aprili, Hwasong-18 likarushwa, na Kim akasema wazi kwamba litabadilisha uwezo wake wa kujibu shambulio kwa nyuklia. Asubuhi hiyo wakazi wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, waliamriwa kujificha, kisha tahadhari ikaondolewa.

Rekodi ya majaribio

Hapa hakuna ushindani wa kweli. Mwezi Machi 2022 ulikuwa mbaya kwa la 17. Tarehe 16 kombora lililodhaniwa kuwa hilo lililipuka muda mfupi baada ya kurushwa karibu na Pyongyang. Siku tisa baadaye KCNA ikatangaza ushindi mkubwa, kwa filamu iliyomwonyesha Kim akiwa na koti la ngozi na miwani myeusi akitembea taratibu mbele ya kombora huku majenerali wawili wakitazama saa zao. Wizara ya Ulinzi ya Korea Kusini ikasema kilichoruka kilikuwa Hwasong-15 lililojifanya la 17. Ushahidi wao ulikuwa wa kawaida tu: vivuli kwenye filamu vilikuwa vya asubuhi, kombora lilirushwa alasiri, na anga ya siku hiyo ilikuwa na mawingu ambayo filamu haikuyaonyesha. Tarehe 3 Novemba 2022 jaribio jingine likaharibika angani, kwa mujibu wa Seoul. Mafanikio yasiyo na mashaka yalikuja tarehe 18 Novemba, dakika 69 angani, siku ambayo binti wa Kim alionekana hadharani kwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Machi 2023 likaruka tena, matokeo yakawa karibu yaleyale.

Hwasong-18 liliruka mara tatu mwaka 2023: Aprili, Julai na Desemba. Mara zote tatu lilifanikiwa. Lile la tarehe 12 Julai lilikaa angani zaidi ya dakika 74, muda ambao hakuna kombora la Korea Kaskazini lililokuwa limeufikia kabla ya hapo. Tarehe 18 Desemba lilirushwa kama zoezi la kikosi, si kama jaribio la kiwanda, na hilo lina uzito wake. Kuna umbali mkubwa kati ya wanasayansi kurusha kitu mbele ya kiongozi na askari kurusha silaha waliyokabidhiwa.

Majaribio matatu, hata hivyo, ni machache. Nchi zenye uzoefu hurusha aina moja ya kombora mara nyingi zaidi kabla ya kuliamini, na huendelea kulirusha kila mwaka baada ya hapo. Anayesema Hwasong-18 ni silaha iliyokamilika anakopesha Pyongyang imani ambayo haijailipia.

Pale ambapo la 17 linashinda

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini kwenye makombora ukubwa hununua kitu: mzigo. Hwasong-17 lilipoonekana mara ya kwanza, karibu kila mchambuzi aliuliza swali moja. Kama la 15 linafika Marekani, hili kubwa hivi ni la nini? Jibu lililokubalika na wengi ni vichwa zaidi ya kimoja, au kichwa kimoja pamoja na vitu vya kuhadaa rada.

Hilo si dogo. Marekani ina makombora 44 ya kudungulia yaliyowekwa Alaska na California mahususi kwa tishio la aina hii, na kwa kawaida mpango ni kutumia zaidi ya moja kwa kila kichwa kinachokuja. Kila kichwa kinachoongezwa upande wa Korea Kaskazini kinakula sehemu ya akiba hiyo. Kwa mantiki hiyo, makombora machache makubwa yenye vichwa vitatu vitatu yangesumbua kuliko mengi yenye kimoja kimoja. Anayepima tishio kwa uwezo wa kuzidi kinga ya adui ana haki ya kuliweka la 17 mbele.

Lakini kati ya kubeba na kuachanisha pana kazi nyingine kubwa. Mwezi Juni 2024 Pyongyang ilisema imefanikiwa kutenganisha vichwa vingi kutoka kombora moja na kuvielekeza kila kimoja kwenye shabaha yake. Seoul ikasema kombora hilo lililipuka angani na kwamba tangazo lilikuwa la kutia chumvi. Na makombora yote mawili yana mtihani mmoja ambao hayajaufanya: kichwa kurudi kwenye angahewa kwa njia ya kawaida ya kuvuka mabara, kikipita mlalo kwenye hewa kwa muda mrefu huku kikiungua. Kurusha wima hakujibu swali hilo kikamilifu, kwa sababu kichwa kinachoanguka kutoka juu hupita kwenye hewa nzito kwa muda mfupi. Ili kulijibu, ingebidi kombora lirushwe mbali hadi katikati ya Pasifiki, likipita juu ya Japani, na Kim hajafanya hivyo kwa kombora la kuvuka mabara.

Jambo jingine ni malori. Watu huhesabu makombora, lakini kinachobana Pyongyang ni vyombo vya kuyabebea. Malori yake makubwa ya kwanza yalitoka China, yakasafirishwa kwa maelezo kwamba ni ya kubebea magogo. Yalionekana kwenye gwaride la Aprili 2012 yakiwa na makombora mgongoni, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika ripoti. Tangu hapo Korea Kaskazini imejifunza kuyaunda na kuyarefusha yenyewe. Kwa Pyongyang, lori la ekseli tisa ni rahisi kulipata kuliko la 11, na ni rahisi kulificha. La 18 linapata alama hapa pia, ingawa si nyingi.

Lipi linafanya mgogoro kuwa wa hatari zaidi?

Hili ndilo swali ambalo wasomaji makini huliuliza, na ndilo gumu. Hoja ya kwanza inasema kombora la haraka ni la hatari kwa sababu linamnyima adui muda wa kuonywa. Ya pili inasema kinyume: kiongozi mwenye kombora linaloweza kufichwa na kunusurika hana haraka ya kulitumia. Mwenye makombora yanayoweza kupigwa yakiwa yanajazwa mafuta ndiye atakayeshawishika kurusha kwanza, akiogopa kuyapoteza.

Hoja zote mbili zina watu wake waliosoma. Mimi naelemea ya kwanza, na sababu si kombora bali sheria. Mwezi Septemba 2022 bunge la Pyongyang lilipitisha sheria ya nyuklia inayoruhusu shambulio litekelezwe moja kwa moja iwapo mfumo wa uongozi utahatarishwa. Sheria hiyo inataja pia kushambulia mapema pale inapoonekana kwamba shambulio la adui linakaribia. Ukichanganya sheria ya namna hiyo na kombora linaloondoka ndani ya dakika chache, nafasi ya mtu kupiga simu na kusema "mnachokiona kwenye rada si tunachokifanya" inakuwa nyembamba mno. Kwa la 17, saa zile za kujaza mafuta ni mbaya kijeshi kwa Kim, lakini ni nzuri kwa wote wengine, zikiwemo familia za Pyongyang.

Atakayeshikilia hoja ya pili sitamwona mjinga. Ila anipe jibu la sheria ya 2022 kwanza.

Kwa hiyo uchague vipi?

Inategemea unachotaka kukijua. Kama unaandika juu ya kinga ya Marekani na gharama zake, anza na Hwasong-17. Swali la vichwa vingi limezaliwa hapo. Kama unaandika juu ya propaganda, ni lilelile, halina mshindani: gwaride la usiku, filamu ya koti la ngozi, binti wa kiongozi. Ukitaka kuelewa iwapo Korea Kaskazini inaweza kupigwa kwanza na bado ikajibu, acha la 17 kabisa. Hilo ndilo swali la msingi la nguvu yoyote ya nyuklia, na jibu lake liko kwenye Hwasong-18.

Na Pyongyang yenyewe imeshachagua. Tarehe 31 Oktoba 2024 ilirusha Hwasong-19, lililopanda takriban kilomita 7,687 na kukaa angani dakika 86 hivi. Ni la mafuta yabisi, juu ya lori la ekseli 11. Wamechukua mafuta ya la 18 na ukubwa wa la 17. KCNA ililiita toleo la mwisho lililokamilika. Mwaka haukupita, tarehe 10 Oktoba 2025 gwaride la miaka 80 ya chama likaonyesha Hwasong-20, mbele ya waziri mkuu wa China Li Qiang na Dmitry Medvedev wa Urusi. Wiki chache kabla, injini mpya yabisi yenye mwili wa nyuzi za kaboni ilikuwa imejaribiwa ardhini. "Mwisho" kwa Pyongyang ni neno linalonyumbulika.

Kufuatilia kumekuwa kugumu kidogo. Mwezi Mei 2022 China na Urusi zilizuia vikwazo vipya kwenye Baraza la Usalama, na tarehe 28 Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu dhidi ya kuongeza muda wa jopo la wataalamu lililokuwa likiripoti ukiukaji wa vikwazo; jopo likafungwa mwisho wa Aprili. Nchi 11, zikiwemo Korea Kusini, Japani na Marekani, ziliunda chombo mbadala mwezi Oktoba mwaka huo, lakini ripoti zake hazina mhuri wa Umoja wa Mataifa. Kinachobaki kwa msomaji wa kawaida ni matangazo ya jeshi la Korea Kusini, ya Wizara ya Ulinzi ya Japani, na picha za KCNA. Picha hizo zitazame kwa utaratibu. Kwanza angalia kitako cha kombora. Mafuta ya majimaji hutoa moto safi unaong'aa, na moshi mchache. Mafuta yabisi hutoa wingu zito jeupe linalomeza eneo zima. Kisha tafuta kasha: kama kombora liko tayari mita kadhaa hewani na injini ndiyo kwanza inawaka, hiyo ni jamii ya 18. Baada ya hapo hesabu ekseli. Kimo na dakika visome mwisho, ukiwa na muda.